Visanduku Vinne vya Esteria

Esteria Haule, fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Songea, alikuwa amesema mapema. Kabla visanduku havijawashwa alimwambia Mwalimu Valence, mwenye utafiti, kwamba havina saa ya betri. Umeme ukikatika, vikiwaka tena vinahesabu saa kuanzia pale vilipozimikia. Mwalimu akajibu kwamba hilo wataliangalia huko mbele. Siku ya nne tangu viwashwe akasafiri kwenda Dodoma.

Visanduku vilikuwa vinne, kimoja kila kona ya darasa lisilotumika. Kazi ya visanduku ilikuwa kunasa kila pakiti ya waifai, yaani kila kifurushi kidogo cha data, iliyopita kati ya kompyuta za majaribio: nani katuma, nani kajibu, saa ngapi. Katika wiki tatu umeme ulikatika mara kumi na moja. Kila mara Esteria alibeba ngazi kona hadi kona, akasahihisha saa kwa mkono, huku akijua haisaidii sana, maana pakiti hupishana kwa kipande kidogo cha sekunde. Jumapili mbili alitoka kanisani Mjimwema moja kwa moja hadi chuoni, hata chai hajanywa.

Mwalimu aliporudi akafungua mafaili, akakuta majibu yametangulia maswali. Alimwuliza Esteria mbele ya wanafunzi wiki tatu zote alikuwa akifanya nini. Esteria akachukua mafaili akaenda kukaa nayo chumba cha pili.

Alihangaika nayo siku mbili. Ndipo alipoona kwamba ruta ya majaribio, kifaa kinachorusha waifai ya kompyuta zile, hujitangaza mara nyingi kila sekunde, kila tangazo na namba yake, na visanduku vyote husikia tangazo lilelile. Akaachana na saa, akapanga pakiti kwa namba zile. Visanduku vitatu vikalingana. Cha nne hakikuwa na tangazo hata moja tangu siku ya tatu. Kilijaa pakiti za waifai ya ofisi ya jirani.

Alikishusha, akasoma kumbukumbu ya amri kilizopewa, kisha akamfuata Mwalimu.

“Hiki kilikuwa kinasikiliza chaneli nyingine, ile ya ofisi ya jirani,” alisema. “Ulikibadilisha mwenyewe, siku moja kabla ya kusafiri.”

Valence akasoma, akavua miwani. Alisema alikuwa anajaribu kitu kidogo, akasahau kurudisha. Basi hakuna namna, inabidi kurudia wiki tatu. Esteria aanze kesho.

“Sianzi, Mwalimu. Saa za betri zikifika, nitaanza.”

Mwalimu akaziagiza. Zilichukua siku kumi na mbili kutoka Dar es Salaam, na kila siku alipita mlangoni kuuliza, Esteria akimjibu bila kuinua kichwa. Zilipofika alizifunga zote nne asubuhi moja, na kabla ya kuwasha akabadilisha neno la siri la visanduku. Mwalimu alipoliomba, Esteria alimwambia aseme tu anachotaka kibadilishwe, atambadilishia.