Insha ya Nne ya Deka

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Bute, kule Wajir Kaskazini. Nilishuka kwenye lori la bidhaa nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, msichana wa Machakos aliyekuwa ametoka chuo cha ualimu juzi tu. Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa maziwa ya ngamia katika kikombe cha bati, akangoja ninywe, ndipo akaniuliza nimeandaa somo gani. Nikamwambia nitaanza na insha, na kichwa chake ni "Siku Niliyotembelea Bahari."

"Mwalimu," akasema taratibu, "watoto hawa hawajaiona bahari. Wewe umeiona?"

"Bado."

"Sasa atakayesahihisha ni nani?"

Tangu siku hiyo nikawa nawaandikisha watoto mambo waliyoyaona wenyewe: ngamia aliyepotea, kisima kilichokauka, harusi ya binamu. Kutoka Bute nilihamishiwa Takaba. Huko nilijifunza Kisomali cha kusalimiana na kununua nyama. Mwisho nikaletwa Garissa, shule ya wasichana ya kutwa, na hapo ndipo nilipostaafu.

Nilikuwa nimebakisha muda mfupi kustaafu mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mkali mwenye sauti ndogo, aliponiita ofisini. Chuo kimoja kilitaka kuleta kwetu kozi yake ya uandishi, ile ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huisoma. Wasichana wa kidato cha nne wangeisoma wakiwa bado kwetu, na atakayefaulu, akiingia chuoni asiirudie.

"Nakupa wewe," akasema.

"Lakini mimi naondoka hivi karibuni."

"Ndiyo maana. Hutamwogopa mtu."

Ninyi mnaoanza kazi leo, niwaeleze tofauti. Insha ya shule huandikwa kwa kikao kimoja, hutiwa wino mwekundu, kisha husahauliwa. Insha ya kozi ile ilianza na rasimu, yaani andiko la kwanza ambalo mwandishi anajua atalivunja. Msichana aliisoma mbele ya wenzake, wakamuuliza maswali, akaenda kuiandika upya. Kila insha ilitakiwa iwe na hoja kuu, ile sentensi moja ambayo nyingine zote zinaifanyia kazi. Mwisho wa kozi insha nne ziliwekwa kwenye faili na kukabidhiwa kwa msimamizi kutoka chuoni, ambaye sote tulimwita Daktari. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyetembea na chupa yake ya chai.

Insha ya nne ilihusu mtu. Sharti lilikuwa moja: kumhoji anayemfahamu mtu huyo.

Deka alikuwa msichana mkimya mwenye mwandiko mdogo, kama anayebania karatasi. Alichagua kuandika juu ya Hibo, dada yake mkubwa, aliyefariki wakati wa ukame familia yao ilipokuwa ikichunga upande wa Takaba. Deka alikuwa mdogo mno siku hizo. Rasimu yake haikujaza ukurasa. Alichokumbuka ni mikono ya dada yake ikimsuka nywele, basi. Pembeni nikaandika, "Muulize mama."

Alilisoma neno langu, akaikunja karatasi.

"Mwalimu, hooyo hamtaji," akasema. Kwa Kisomali, hooyo ni mama.

"Hata kidogo?"

"Tangu tuje Garissa, hata jina."

Nikamwambia anaweza kuchagua mtu mwingine, hatapoteza alama. Jioni akaenda na rasimu nyumbani. Mama yake alikuwa akichemsha maziwa, maana huuza maziwa ya ngamia sokoni. Deka akakaa karibu na jiko akamsomea, akigeuza Kiingereza chake kuwa Kisomali sentensi kwa sentensi. Maziwa yakafura, yakamwagikia moto, na mama hakuinuka. Deka alipomaliza, mama akasema, "Hibo hakukusuka. Hibo alikushika kichwa usitoroke. Aliyesuka ni mimi."

Kesho yake Deka akaja darasani akaikata sentensi aliyoipenda kuliko zote.

Toka hapo rasimu ikawa haitulii. Kila asubuhi alikuja na masahihisho ya mama. Hibo hakuwa mpole kama Deka alivyoandika, alikuwa mgomvi. Aliwapa mbuzi majina ya shangazi zake, na shangazi wakakasirika. Aliogopa punda. Siku nyingine Deka alikuja macho yamevimba, na bado anatabasamu. Katika miaka yangu yote sijaona mwanafunzi aliyefuta kazi yake kwa moyo mweupe namna ile.

Faili zilitakiwa Ijumaa. Alhamisi Deka akanijia na insha tatu tu.

"Hooyo hajamaliza. Hajafika kwenye ugonjwa."

"Malizia na ulichonacho, Deka."

"Nikiandika mwisho kabla hajausema, nitakuwa nimemfunga mdomo."

Nikampigia simu Daktari, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. "Mwalimu, mimi pia nina mama," akasema. "Lakini nikimwongezea huyu siku, wale waliojinyima usingizi wakamaliza nitawaambia nini? Aandike fupi juu ya mtu mwingine. Nitaipokea."

Ijumaa Deka akaleta faili yake. Mahali pa insha ya nne palikuwa na karatasi yenye maneno mawili: "Bado inaendelea." Daktari aliyasoma, akaifunga faili polepole, akaiweka pamoja na nyingine. Matokeo yalipotoka, Deka hakuwa miongoni mwa waliofaulu. Wenzake walikaa naye siku nzima kama watu wa matanga.

Mwalimu mkuu akaniuliza, "Ulishindwa kumsukuma?"

"Ningeweza," nikamjibu. "Sikutaka."

Alinitazama, kisha akanimiminia chai.

Deka alimaliza shule, akaingia chuoni, akakaa kwenye kozi ileile wakati wenzake wako mbele. Alinipigia simu kunipa habari. Ameandika juu ya pampu za kumwagilia mashamba kando ya Tana, na amepata alama nzuri. "Hii haikunisumbua, mwalimu," akasema akicheka. "Pampu haina hooyo."

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huniuliza namna ya kuwafanya wanafunzi wapende kuandika upya. Huwa nawajibu kwamba kwanza wampate msikilizaji anayejali neno lipi ni la kweli. Zaidi ya hapo sina mbinu. Nimefundisha hoja kuu na aya na marejeo, na yote yana kazi yake, lakini sijawahi kuona kitu kikimsahihisha mtu kama msikilizaji wa namna hiyo.

Wiki niliyofunga mizigo kurudi Machakos, nilipita sokoni kuaga. Mama yake Deka alikuwa kwenye mkeka wake, madumu ya maziwa yamepangwa mbele yake.

"Nabad, Mama Deka," nikamsalimu.

"Nabad, mwalimu." Akanishika mkono, hakuuachia. "Lakini mimi Mama Hibo. Deka ni wa bili." Kisomali hakina p; kwake "pili" ni "bili".

"Nisamehe. Mama Hibo."

"Deka alisema wewe naenda."

"Naenda kesho. Ile insha iliisha?"

"Deka mimi nilimwambia yote. Ameandika, ameweka." Akasogeza dumu moja kando, pakapatikana nafasi mkekani. "Wewe ndiyo ulimwambia aniulize. Sasa wewe bia sikiliza. Homa ilianza asubuhi, tuko karibu na kisima."

Nikavua viatu, nikakaa.