Ukuta wa Moyo Usiosogea

Jumapili, tarehe 12 Julai. Ukungu umefunga Vudee yote tangu asubuhi, rasharasha haikatiki. Akina mama wa usharika wameniomba niandike yaliyonipata. Niliishia darasa la saba, sijui kama nitayapanga vizuri. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Nilikuwa mzima, napandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, tukizibua mfereji wa kijiji, kifua kikabana kama nimefungwa kamba. Jasho la baridi likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Ningeomba kupumzika ningeruhusiwa. Ila kwetu anayeacha jembe kwenye msaragambo husemwa, na hodari wa kuwasema wenzangu nilikuwa mimi. Nikatafuna tangawizi, nikachimba mpaka mwisho.

Siku ya tatu zahanati walinipa dawa ya vidonda vya tumbo. Simlaumu tabibu. Habari ya mkono sikumwambia.

Wiki mbili baadaye miguu ilivimba, nikawa nalala nimeketi. Tukashuka Same, nikapewa rufaa ya hospitali kubwa. Huko daktari alitueleza, mimi na mume wangu, kwamba mshipa mmoja umeziba na ukuta wa mbele wa moyo hausogei.

"Kama ukuta huo umekufa, kuzibua mshipa hakutakusaidia. Kama umelala tu kwa kukosa damu, utaamka."

Mume wangu akauliza, "Sasa daktari, kilichokufa na kilicholala vyote havisogei. Utajuaje?"

"Kwa picha, mzee."

Wakaniingiza kwenye mashine kama pipa, inagonga kama mafundi bati. Wakanichoma dawa ya kufanya palipokufa pang'ae kwenye picha. Sauti ikaniambia vuta, toa, zuia. Kila nilipozuia pumzi nilidhani ndiyo ya mwisho.

Majibu tuliyasubiri siku mbili. Mume wangu alinyoa ndevu tu, asubuhi na tena mchana.

Daktari akageuza kompyuta tuone. Palikuwa na mstari mweupe mwembamba.

"Hili ni kovu, halirudi. Lakini huku kote ni hai, mama."

Mimi sikulia. Aliyelia ni mume wangu, akasema ni mafua.

Walizibua mshipa wakipitia mkononi. Sasa napanda hadi kanisani, napumzika mara mbili. Namshukuru Mungu, na waliosoma ile picha. Nawashauri, msimfiche tabibu kitu, na mwenzako akiketi kazini usimcheke. Niliwacheka watatu. Wawili nimewaomba radhi, wa tatu bado namwonea aibu.

Chumvi daktari amenikataza, basi jioni hii tumekula makande yasiyo na chumvi, sufuria moja, sote. Mume wangu alionja, akanitazama, akaongeza upawa wa pili.