Filamu Iliyomkimbiza Erifazi Masereka

Erifazi Masereka hakuwa mtu wa kusema filamu ilikuwa nzuri halafu akanyamaza. Kila Jumamosi alasiri, askari wa kambi ya Kasese walipofunika madirisha ya ukumbi wao kwa mablanketi na kuwaruhusu raia kuingia, yeye alikuwa benchi la mbele, kofia magotini, uso ameukunja kama hakimu. Filamu ikiisha, watu walimfuata mpaka kwenye kibanda cha chai cha Kobusingye, karibu na stesheni ya reli, wasikie hukumu.

Hazikuwa filamu zenye majina makubwa. Hizo zilibaki Kampala. Kasese ililetewa makombo, yaani vifilamu vya televisheni vilivyotengenezwa Ulaya harakaharaka, ambavyo hata wenyewe wa huko walikwisha kuvisahau, na mikanda ilikuwa imekwaruzika mpaka mikwaruzo ilionekana kama mvua inayonyesha ndani ya nyumba za watu. Erifazi alivipima vyote kwa swali moja: mambo yakiharibika, nani anabaki na mnyonge? Ile ya mwanamke mshona kofia, aliyemuuguza jirani yake mlevi wakati hata mchungaji alikwisha kumkatia tamaa, aliisifu kwa miezi, ingawa hakuna mwingine aliyeipenda kwa sababu haikuwa na hata kofi moja. Ile ya polisi hodari aliyewamaliza wezi wote, kisha akamwacha farasi wake afe kwa kiu jangwani, aliilaani.

"Lakini mzee, farasi ni mnyama tu," alimchokoza Kiiza, fundi wa baiskeli.

"Alimbeba njia nzima. Wewe ukinibeba njia nzima, Kiiza, nikuache ufe na kiu?"

"Mimi kukubeba? Wewe peke yako uko mzito, na maneno yako ni gunia ingine."

Watu wakacheka, na Erifazi akacheka nao, lakini hukumu hakuibadilisha.

Swali lake hakulitoa vitabuni. Alilitoa mlimani. Nyumbani kwake kulikuwa Ibanda, njia ya kupandia Rwenzori, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa wapagazi waliowapeleka wageni kwenye theluji. Mwaka 1961 kijana mmoja wa kundi lake, Maate, mwenyeji wa Bwera mpakani, alishikwa na homa ya mapafu katika bonde la Bujuku. Wenzao waliteremka kutafuta msaada. Erifazi akabaki naye chini ya mwamba. Alivua sweta lake, akamfunga miguu iliyokuwa baridi kama mawe ya mtoni, akamkumbatia mpaka kijana akakata roho. Wenzao waliporudi wakamshusha kwa machela, wakampeleka Bwera kwa mama yake, mjane aliyeitwa Rusi.

"Hakuwa peke yake, Mama," Erifazi alimwambia. "Nilikuwa nimemshika."

Mama yule hakuuliza kingine. Neno hilo ndilo alilobaki nalo maishani. Kila mwaka, kahawa ikishaanikwa, Erifazi alikwenda Bwera kuketi naye kutwa nzima, na kila mwaka Rusi alimwomba amweleze tena, naye alimweleza.

Miaka miwili baada ya msiba huo walikuja wazungu wenye kamera. Wakiwa kambini mlimani, wanaota moto, mkubwa wao aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kufa huku juu. Erifazi akasimulia habari za Maate, na Muhwezi, aliyekuwa mkalimani wao, akatafsiri neno kwa neno. Mzungu alisikiliza kwa adabu. Hata machozi yalimlengalenga.

Asubuhi walimvalisha Erifazi sweta zito jekundu, wakamlaza mzungu mmoja chini ya mwamba, akajikunja na kukohoa huku akicheka. Muhwezi akaja na maagizo. "Wanasema ukimbie. Uangalie nyuma, uogope, kisha ukimbie."

"Nikimbie nini?"

"Hakuna kitu. Ni mchezo tu, wanajaribu kamera."

Akakimbia. Wakamwambia arudie, akarudia. Alipewa blanketi, wakaagana kwa kushikana mikono, na tangu siku ile Erifazi aliwaambia watu kwamba uso wake umekwenda Ulaya na siku moja utarudi.

Ulirudi mwaka 1973. Neno lilipovuma kwamba katika mikebe mipya ya kambini kuna filamu ya Rwenzori, Erifazi alimleta mkewe Ketura akiwa amevaa gauni lake la gomesi la Krismasi, wakaketi mbele kabisa. Filamu ilisema Kiingereza, kwa hiyo Koplo Ojara alisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, kama ilivyokuwa desturi, akiwaeleza watu kwa Kiswahili yanayosemwa. Ojara alikuwa mcheshi. Alitia chumvi mpaka filamu ya kufundisha kunawa mikono ikachekesha.

"Sasa angalia! Muzungu iko mgonjwa, iko karibu kufa. Rafiki yake ameenda kutafuta dawa. Amebaki na nani? Na huyu hapa... Jamani! Si huyu ni mzee Erifazi yetu?"

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Ketura alimbana mumewe mkono kwa furaha. Kisha Erifazi wa kwenye kitambaa akamtazama mgonjwa, akatoa macho, akageuka, akatimua mbio na sweta lake jekundu.

"Mbio! Mbio, mzee!" Ojara alipiga kelele. "Muache afe, wewe okoa mavi yako!"

Vicheko vilivyofuata viliwatikisa watu kwenye mabenchi. Ketura akauachia mkono wa mumewe. Ndani ya filamu, rafiki mzungu alirudi na dawa, akabaki na mgonjwa chini ya mwamba, akavua koti lake na kumfunga miguu.

Hapo ndipo Erifazi alipoelewa. Hawakumtumia tu kukimbia. Walikuwa wamechukua yale aliyowasimulia kwenye moto, wakampa mzungu kile alichokifanya yeye, na yeye wakampa aibu ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Wizi wa kuku una kifungo chake. Wizi wa namna hii unapigiwa makofi.

Tangu siku hiyo jina lake mjini likawa Mbio. Wapagazi vijana walilisema nyuma ya mgongo wake, baadaye wakalisema mbele yake. Kwenye chai ya Kobusingye, Kiiza alimsogezea kiti mlangoni. "Kaa hapa, mzee, usipate shida ya kutoka." Hayo Erifazi angeyameza. Lakini Ojara alisema neno jingine huku akikunja waya wake: siku ya soko wanaipeleka filamu hiyo Bwera.

Rusi alikuwa Bwera. Rusi, aliyeishi kwa neno moja.

Erifazi alikwenda kambini kumwona Afande Drani, aliyesimamia mambo ya burudani.

"Afande, ile filamu ni uongo."

"Filamu yote ni uongo, mzee. Ndiyo maana tunaangalia."

"Uso ni wangu, afande. Kijana aliyekufa alikuwa wangu. Mama yake yuko Bwera, ataniona nikimkimbia mtoto wake."

"Mtoto yake alikuwa muzungu?"

"Hapana."

"Basi shida iko wapi?"

"Naomba mkikate kile kipande."

"Mali ya serikali haikatwi. Na wewe, nani alikulazimisha kukimbia? Ulishikiwa bunduki?"

"Niliambiwa ni mchezo."

"Sasa na sisi tunacheza. Geuka. Nenda."

Alitoka kwa hasira. Maofisini kulijaa watu wenye nyota mabegani, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kumvua mtu heshima yake mbele ya halaiki ni kosa, ili mradi halaiki imecheka.

Siku ya soko alipanda lori la muhogo, likaharibika njiani, akamalizia kwa miguu. Nyumbani kwa Rusi mlango ulikuwa umefungwa. Jirani akamwambia bibi amepelekwa kwenye stoo ya pamba, kwenye sinema. Erifazi alikimbia, kweli kweli sasa, akaingia gizani akihema, akamkuta ameketi kwenye mkeka wa mbele, fimbo mapajani.

"Mama, twende nyumbani. Nikueleze kitu."

"Baadaye," Rusi alisema, akimpapasa uso. "Wamesema uko ndani ya sinema. Nimekuja kukuona."

Mashine ilikuwa imekwisha kuanza. Erifazi akaketi kando yake kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Pale penye mwamba Ojara aliongeza sauti, akayasema yote aliyoyasema Kasese, pamoja na mengine mapya. Stoo ikaangua kicheko.

"Ule mutu iko na mbio kupita pikipiki!" alipaza sauti Benoît, mchuuzi wa vitenge kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka. "Bwana, umufuate! Atafika Kasindi bila kibali!"

Rusi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele, kama mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano.

Erifazi akasimama. Mwanga wa mashine ukampiga kifuani, na kivuli chake kikamfunika mzungu mgonjwa na mwamba wake.

"Kaa chini, Mbio!"

"Siketi! Huyo ni mimi, na hilo sikulifanya! Waliniambia nikimbie wajaribu kamera. Kijana aliyekuwa mgonjwa kwenye mlima ule aliitwa Maate, wa hapa hapa Bwera, na mimi sikumwacha!"

Ojara alisimamisha mashine. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea kuchekesha. Akaona mzee analia, akaona apoze mambo kwa njia anayoijua. "Sawa, sawa, mzee. Usilie, tunakurudisha." Akageuza swichi, na mkanda ukaanza kurudi nyuma. Mtu mwenye sweta jekundu akatokea mbali, akaja mbio kinyumenyume, matako mbele, mpaka akafika kwa mgonjwa na kusimama. Watu wakashangilia, wakapiga makofi.

"Unaona? Umerudi!" alisema Ojara. "Sasa uko mtu mzuri."

"Sikurudi!" Sauti ya Erifazi ilipasuka. "Sikurudi, kwa sababu sikuondoka! Msinipe toba ya dhambi ambayo si yangu!"

Fimbo ya Rusi iligonga sakafu, naye akainuka polepole, akamnyooshea Ojara kidole.

"Wewe, askari. Huyo anayekimbia, amevaa nini?"

"Sweta, Mama."

"Sweta iko mwilini yake?"

"Iko mwilini, Mama."

"Mtoto yangu aliletwa kwangu miguu imefungwa na sweta. Ya kijivu. Na huyu," akamshika Erifazi mkono, "alikuja kwangu na shati moja, anatetemeka kama kifaranga. Ile sweta nilifungua mimi, na mikono hii. Sasa wewe unanionyesha mtu ya sweta nyekundu, unaniambia ndiye?" Akageuka akaitazama stoo nzima. "Na nyinyi mnacheka. Maate mlicheza naye hapa hapa."

Benoît alivua kofia. "Pardon, mama," alisema.

Walitoka wakaenda zao, mkono kwa mkono. Njiani Rusi alimwomba amweleze tena, naye akamweleza.

Ungedhani Erifazi angetosheka. Wengi walimshauri atosheke. "Bwera wanajua sasa," Ketura alimwambia. "Yule mama anajua. Wengine ni wa nini?" Lakini yeye hakuona ni kwa nini ukweli uwe na mipaka ya gombolola moja, kata moja tu, wakati uongo unasafirishwa kwa gari la serikali. Kasese bado walimwita Mbio. Kiiza tu ndiye aliyeacha, na siku moja alikirudisha kile kiti mahali pake, akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile yako, mzee, hukumu yake?"

"Mbaya," Erifazi alijibu. "Aliyebaki wamemfanya aliyekimbia. Inaonyeshwa wapi tena?"

"Karusandara. Keshokutwa."

Alikwenda. Watu waliomwona akitembea juani na kofia yake walisema mzee amechanganyikiwa, anafukuzana na sinema. Alifika ukumbi umejaa, akasimama ukutani, tayari kupigiwa kelele. Ojara alimwona. Alimtazama kitambo, kisha akaendelea kueleza filamu kwa maneno machache kuliko kawaida yake. Mwamba ulipotokea kwenye kitambaa, na mgonjwa chini yake, na mtu wa sweta jekundu akitoa macho, Koplo Ojara alinyamaza, akaweka kipaza sauti juu ya meza, akasogea kando.

Erifazi akaenda kukichukua.