Kijijini Kwao, Chake Chake

Hapa Chake Chake, mkishasalimiana na mtu, ukishamjibu habari za nyumbani, za wazee na za mvua, kuna suali moja halikosekani: "Kwenu wapi?" Haliulizwi kwa ubaya. Ni kama kukuvutia kiti. Ila lina jibu lake, na Chake si jibu. Chake watu wanakaa tu. Kwao ni Ole, au Fundo, au Makoongwe, pahala penye mikarafuu ya mzee wao na makaburi yao.

Siku ya pili ya Idd ndipo hasa ungeona. Maduka yamefungwa, barabara ya hospitali nyeupe, kila mtu kenda kwao. Tulikuwa tukibaki sisi na paka wa sokoni.

Babu yangu mzaa baba alivuka kutoka bara kuja kwenye kazi ya karafuu, akaoa mwanamke aliyekuja kwa njia hiyo hiyo, wakajenga Msingini. Mama naye kazaliwa Wete kwa watu kama sisi. Bara hatumjui mtu, na huko hakuna anayetujua. Baba aliulizwa suali lile maisha yake yote, na alikuwa na jibu moja ambalo hakulichoka.

"Kwetu Chake Chake."

"Chake unakaa, mzee. Nakuuliza kwenu."

"Si nimekwambia mara mbili? Chake ya kwanza ndipo ninapokaa. Chake ya pili ndo kwetu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nikitazama chini. Nilimuona anawafanyia watu mchezo kwa kitu ambacho hatukuwa nacho.

Kazi yake ilikuwa kuifungulia mitaa maji. Aliianza kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, akiwa na ufunguo wa chuma mrefu kumpita kiunoni. Maji hayakuwahi kutosha mji mzima kwa siku moja, kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na zamu. Leo Madungu, kesho Machomane, keshokutwa Tibirinzi. Baba alikwenda kwa miguu, akafunua kifuniko cha shimo, akatia ufunguo, akazungusha, akakaa juu ya jiwe kusikiliza. Alikuwa akijua kwa sauti kama maji yamepita kwenye kona au yamekwama. Alipostaafu walimuita kila wiki, kwa sababu mabomba mengine alikuwa akiyajua yeye tu yamepita wapi.

Na kila asubuhi, kabla hajanywa chai, mlango unagongwa. Wanawake na ndoo zao.

"Mzee, leo zamu yetu au ushatuacha?"

"Nshafungua, bi mkubwa. Mie nimefungua, presha ndo haijafungua."

"Presha yako hiyo kila siku inakuja mtaani kwa mkeo tu."

Hata kwetu hayakuwa yakija. Mama alikuwa akichota kisimani kama wao. Hivyo ndivyo ninavyoukumbuka mji huu nilipokuwa nakua: milio ya ndoo tupu, umeme unaoondoka ukiwa umetia nguo pasi, harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara, na uchovu ambao hakuna aliyeuita uchovu kwa sababu kila mtu alikuwa nao.

Mimi skuli niliishia kidato cha pili. Mtihani haukunikubali. Nilichojua baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa dagaa na vitabu vilivyopoteza jalada. Nilisahihisha magazeti kwa penseli. Ningeweza kuandika ukurasa mmoja mara tisa kwa sababu ya koma. Sisemi haya kujisifu. Ni maradhi. Nilikuwa nikiamka na wasiwasi wa neno nililoliandika mwaka uliopita, na mtu niliyemuandikia pengine kashasahau hata kama aliwahi kuipata karatasi ile.

Maradhi hayo ndiyo yaliyonipa kazi. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari la matangazo, pikapu yenye vipaza sauti viwili juu. Alitangaza mikutano, chanjo, mbuzi waliopotea, na zaidi ya yote vifo. Sauti alikuwa nayo, mwandiko hakuwa nao. Mimi nilimuandikia, yeye akasoma.

Wiki ya kwanza akaniuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?"

Nikasema, "Kiuyu."

Sijui kwa nini neno lile lilikuwa mdomoni. Nadhani niliichagua kwa umbali wake. Lakini Kiuyu si moja, na yeye ni mtu wa kuuliza.

"Kiuyu ipi?"

"Mbuyuni."

"Aa. Watu wa mawe," akasema, akaridhika.

Sijawahi kufika Kiuyu Mbuyuni. Tangu siku hiyo ikawa kwetu. Uongo wangu niliutunza kama ninavyotunza mwandiko. Siku za Idd nilijifungia ndani siku tatu, nisionekane dirishani, ili nionekane nimekwenda. Baba aliniona nimekaa gizani na nguo mpya. Aliniletea kaimati kwenye bakuli akaondoka.

Tangazo la kifo lilikuwa na umbo lake, ambalo nililikuta na sikulibadilisha. Fulani bin fulani anasikitika kutangaza kifo cha mzee wake, kilichotokea leo. Maziko yatafanyika baada ya sala ya adhuhuri, kijijini kwao, kisha pahala. Habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo. Nimeandika maneno hayo mara mamia. Kijijini kwao Kangani. Kijijini kwao Fundo.

Baba alifariki alfajiri moja, kwa ugonjwa mfupi. Jirani zetu wakaingia, maji yakatiwa motoni, kaka yangu akaenda kutafuta sanda. Kwetu mwanamke haendi kaburini. Kwa hiyo katika kumzika baba yangu, kazi yangu mimi ilikuwa moja: kuandika tangazo. Niliazimia liwe bila kosa.

Nikaandika vizuri mpaka nilipofika kwenye "kijijini kwao". Hapo kalamu ikasimama. Kijijini kwao Chake Chake haiwezekani, Chake si kijiji. Mjini kwao hakuna anayesema. Nikiondoa "kwao" nikaandika "hapa Chake Chake", litasikika kama tangazo la mtu aliyefia safarini. Nimekaa na karatasi ile, baba yangu amelala chumba cha pili amefunikwa shuka, na mimi natafuta neno sahihi. Nikaacha nafasi, nikaandika yaliyobaki, nikasema nitarudi.

Shangazi mmoja wa jirani akaniita nishike ndoo. Niliporudi karatasi haipo. Kaka yangu alikuwa ameshaichukua na kumpelekea yule bwana, mbiombio, bila kuisoma. Na yule bwana, alipoiona nafasi tupu, hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Alikuwa akijua kwetu wapi; jibu la baba kwake lilikuwa mzaha tu. Akajaza mwenyewe.

Tangazo lenyewe sikulisikia. Alipita Madungu, Machomane, akateremka mpaka Wesha. Alipokaribia mtaani kwetu alizima vipaza sauti, kwa heshima ya wafiwa. Ndiyo adabu yake siku zote.

Saa sita ilipita. Kaka alikuwa akisimama nje, akiingia, akitoka tena. Nikamsikia akimwambia mjomba wa jirani, "Watu wako wapi? Mbona watu hakuna?" Mtu aliyeifungulia maji mitaa yote ya mji huu miaka yote ile, na nje kulikuwa na wanaume wa kichochoro chetu tu. Mama, ndani, aliuliza mara moja, "Washafika?" Halafu hakuuliza tena. Tulikuwa tunajua sote hesabu ya wanaomsalia maiti ina maana gani: wakiwa wengi, dua yao kwake hutarajiwa kukubaliwa. Mimi nilidhani watu wamekataa. Nilidhani ndiyo jawabu ya mji kwetu, kwamba tulikuwa tunakaa tu.

Akasaliwa na safu mbili, ya pili haikujaa. Wakambeba.

Walikuwa hawajarudi kutoka makaburini simu ya kaka, aliyoiacha kwa mama, ikalia. Nikaipokea. Alikuwa yule bwana wa matangazo.

"Mwanangu, sisi tushafika. Gari tatu zimejaa. Maiti mko naye wapi njiani?"

"Mmefika wapi?"

"Kwenu," akasema. "Mbuyuni."

Nilikaa chini pale pale, juu ya ndala za watu.

Baada ya alasiri gari zikarudi. Watu waliteremka na vumbi la safari, wakaja kutoa mkono wa pole, wengine wakinitazama na wengine wakijizuia kunitazama. Pamoja nao alikuja mwanamme mmoja wa makamo ambaye hatumjui, kanzu imekunjwa mpaka magotini, mikono ina malengelenge. Alitokea Kiuyu. Alimuuliza kaka yangu, "Nyiye ndo wenye maiti?" Kaka akamjibu. "Na mtoto anayesema kwao Mbuyuni ni yupi?"

Nikaitwa mlangoni. Nilisimama nyuma ya pazia.

"Mwanangu, poleni," akasema. "Saa nne tumepigiwa simu, mtu wenu kafa Chake, analetwa. Tukaulizana mtu gani, hamna anayemjua. Wazee wakasema atakuwa katika waliohama zamani. Tukachimba. Unakujua kwetu kulivyo?"

"Sikujui."

"Mawe matupu. Tumevunja mitaimbo miwili. Kaburi zuri, sijachimba zuri kama lile. Na mtu hamna."

Nikasema nilidanganya. Nilisema kwa sauti, mbele ya kaka na watu wa barazani, na ndiyo sentensi pekee maishani mwangu niliyoitoa bila kuipanga kwanza.

Akafuta uso. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana mtu aliyechimba mawe tangu saa nne.

"Basi siku nyengine mtu akifa kwenu, yakhe, useme mapema kama ni wetu au si wetu," akasema, na mtu mmoja barazani akashindwa kujizuia akacheka, na kaka yangu, na macho yake mekundu, naye akacheka.

Kisha akatueleza. Walipojua kuwa maiti ameshazikwa mjini, watu wa gari tatu na watu wa kijiji walisimama pamoja wakamsalia baba sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo. "Safu saba," akasema. "Mie nimezihesabu kwa kuwa nilikuwa safu ya mwisho." Na kaburi? Kaburi wazee wao walikataa kulifukia tupu. Wakakata gogo la mgomba, wakalilaza kama anavyolazwa mtu, wakarejesha udongo.

"Kwa hivyo mna kitu kule," akasema, akaomba maji ya kunywa. Maji ya bomba hayakuwapo. Tulimpa ya kisima.

Watu wameniambia mara nyingi kuwa safu saba zile zimefika alikokwenda baba, na mimi naamini. Lakini ninapolala ninaziona zile mbili, na ile ya pili haijajaa.

Mtu yule bado anatujia. Akiwa na shughuli mjini hupita, huacha pweza mkavu, humuuliza kaka kwa kejeli, "Lini mnakwenda kwenu?" Mji mzima unaijua habari yetu. Sasa hivi wanaoniuliza kwetu wapi wananiuliza wakiwa washaanza kutabasamu, na mimi ninajibu Chake, na nabaki nimechoka kama niliyekuwa nikizungusha ule ufunguo. Anayefungulia maji sasa ni kijana mwengine. Anatazama daftari. Hakai kusikiliza.

Matangazo bado ninayaandika. Yule bwana hakunifukuza, ila sasa husoma mbele yangu karatasi nzima kabla hajawasha gari.

Mama alipomaliza eda, kabla hata hajatoka nje kusalimia watu, aliniita.

"Niandikie langu," akasema.

"Lako lipi?"

"La kifo changu. Saa na siku acha. Pahala usiache. Sitaki kupelekwa kwa watu wa mawe."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema anasema, na kalamu iko wapi. Halafu akataka liandikwe kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, kwa sababu ndizo anazozisoma na hataki kusomewa. Mimi herufi hizo nilizisoma utotoni nikaziacha. Ilinichukua siku nne. Nilichana karatasi nyingi. Neno gumu lilikuwa ni lile lile. Nikajaribu kumueleza kuwa "kijijini" si sahihi, kwamba Chake ni mji.

"Nani kakuuliza?" akasema. "Andika."

Nikaandika kijijini kwao Chake Chake. Akavaa miwani ya baba, akaweka kidole upande wa kulia, akakivuta polepole, midomo ikitamka. Alipofika kwenye Chake ya kwanza akapita. Alipofika kwenye ya pili akasimama hapo na kidole chake.

"Hii," akasema, "mwandiko wake umeinama kidogo."

Nilitazama. Kweli, ulikuwa umeinama. Nikanyoosha mkono niichukue nikaiandike upya, akanipiga kofi mkononi, akaikunja karatasi akaitia chini ya mto.