Uso Niliomtungia Baba Mkwe

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Sauti ilitoka sebuleni, kabla hakujapambazuka. Nikadhani ni panya.

Nikashika kandambili mkononi, nikanyata. Mimi na panya hatujawahi kupatana.

Nilipowasha taa, nilimkuta mama mkwe wangu, tunayeishi naye, amesimama juu ya kigoda na shuka mabegani. Anaikwangua kwa ukucha picha ya marehemu mumewe.

Usoni hasa. Taratibu, kama mtu anayebandua karatasi ya bei kwenye kikombe kipya.

"Mama! Unafanya nini?"

Akashtuka. Akaficha mkono nyuma, kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari.

"Kuna kitu kimeganda hapa juu, mwanangu. Nakitoa. Yeye yuko chini yake."

Jamani, nikaishusha kandambili.

Maana kile kitu kilichoganda, nilikiweka mimi.

Baba mkwe alikuwa mtu wa kukwepa kamera. Ukimwelekezea simu tu, anakumbuka ana kazi uani. Alipofariki, tulitafuta picha yake nyumba nzima, tukapata moja: amekaa kwenye benchi na mama mkwe na majirani wawili, wanaota jua. Tena si picha yenyewe, ni nakala iliyozunguka kwenye kundi la familia kutoka simu hadi simu. Picha ikishatumwa hivyo hubanwa, inafika imekonda.

Mama mkwe aliomba jambo moja tu.

"Nimwone nikiingia, nimwone nikitoka. Awe mkubwa, pale ukutani."

Macho yote yakanigeukia. Mimi ndiye msomi wa picha. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya usanifu kwa kompyuta, mengine nikiyasoma mtoto amenilalia mapajani, na nilikuwa nimeanza kazi kwenye duka la kuchapa mabango.

Wifi yangu, ambaye ulimi wake hauna breki, akaanza.

"Haya, Profesa wa Jioni. Leo tutajua kama ulikuwa unasoma au unapunga upepo."

"Wewe wifi andaa msumari tu," nikamjibu. "Mzee nitamleta ukubwa wa dirisha."

Mbwembwe hizo!

Na nilikuwa najua. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ningekuwa sijui, leo ningejitetea.

Mwalimu wetu alituimbia mpaka tukachoka: picha ya simu ni nukta ndogondogo za rangi, na idadi yake ni hiyohiyo. Ukiikuza, nukta haziongezeki, zinanenepa tu. Picha ya kushika mkononi inataka nukta mia tatu kwa kila inchi. Ya ukutani, ya kutazamwa kwa mbali, hata mia moja na hamsini zitakusitiri. Kwenye mtihani swali hilo nililipata lote.

Nikaifungua picha kazini. Nikawakata majirani, nikamkata na mama mkwe, nikabaki na Mzee kuanzia mabegani. Upana wake: nukta mia mbili na arobaini. Upana wa karatasi niliyoahidi: inchi ishirini na nne.

Gawanya mwenyewe. Nukta kumi kwa inchi!

Nikachapa ya majaribio. Lo! Baba mkwe alitoka kama ukuta wa bafu, vigae vitupu. Bosi wangu akapita, akasimama, akainamisha kichwa.

"Hii ramani ya wapi?"

Hapo mtu mwenye akili timamu anarudi nyumbani, anasema, "Samahani, ukubwa huo hauwezekani, tuichape ndogo." Mimi nikamwona wifi anavyocheka. Nikashindwa.

Nikachukua ile programu ya kusafisha picha. Unailisha uso uliofifia, inakutolea uso unaong'aa. Nukta zinazokosekana inazibuni yenyewe: inakisia nyusi, inakisia midomo, inakisia na ngozi.

Akatoka bwana mmoja mtanashati, hana hata kunyanzi. Alifanana na baba mkwe kama mtu anavyofanana na binamu yake.

Nikajisemea, watazoea.

Jumapili ndugu wakajaa sebuleni. Mume wangu akapigilia msumari, akatundika, mimi nikavuta kitambaa.

Shingo zikanyooka.

Kisha wifi akapiga makofi. "Mzee huyoo!" Wengine wakadakia. Vigelegele, simu juu, mimi katikati kichwa kimevimba.

Mama mkwe alitazama kwa muda mrefu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Amependeza."

Ndugu wakalala kwetu. Na alfajiri yake ndiyo hiyo ya ukucha.

Nilimshusha kigodani, tukakaa. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Mama, picha hukuipenda?"

"Si picha." Akajivutia shuka mabegani. "Watu wote wamemtambua. Wote wamepiga makofi. Mimi niliyezeeka naye namtazama, simwoni. Nikasema basi, tatizo ni mimi. Nimeanza kumsahau uso. Mwanangu, nikimsahau mimi, nani atamkumbuka?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kandambili yangu.

Mama wa watu alikuwa amelala macho, anaamini akili inamtoka na mumewe anampotea mara ya pili. Kisa, mimi niliogopa kuchekwa.

"Mama, hujasahau kitu. Huyo siye. Uso huo umetungwa na mashine, na mimi nilijua."

Nilingoja kofi. Halikuja. Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Kumbe mimi ni mzima."

Basi tu. Heri angenipiga.

Kulipokucha nikawakusanya wote, nikasema yote. Nikamgeukia wifi, nikajiandaa kuchanwa.

Wifi alikuwa anatazama sakafu.

"Sote tuliona," akasema. "Ulipovuta tu kitambaa, nikajiuliza huyu bwana ni nani. Lakini uso wako ulivyokuwa umejaa furaha... nikakuonea huruma. Nikapiga makofi."

Mume wangu naye akaitikia kwa kichwa. Na wengine. Mmoja mmoja.

Kumbe nyumba nzima ilikuwa inanisitiri mimi, na mama tukamwacha peke yake na wazimu usio wake.

Nilimshusha yule bwana mtanashati mwenyewe. Nikaichapa upya picha ya benchi bila kukata mtu, kwa kipimo ambacho nukta zake zinakiweza. Ikatoka ndogo, inaenea kiganjani. Wifi ndiye aliyenunua fremu.

Ndugu msomaji, kweli yako ikiwa ndogo, ilete hivyohivyo ndogo. Usiivute mpaka ikawa uongo. Na ukimwona umpendaye amekosea, usimpigie makofi ya huruma. Pembeni kuna mtu ambaye yanamuumiza.

Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Alikaa nayo dirishani, akiisogeza kwenye mwanga, machozi yakimtiririka na hayafuti. Mimi nilisimama mlangoni, macho chini.

Binti yangu akampanda mapajani. Akabandika pua kwenye kioo, akaweka kidole kule chini kwenye benchi, sehemu niliyokuwa nimeikata.

"Bibi, babu amekushika mkono."