Niliiamini TV, Nikamwita Mama Nyemo Mwongo

Naandika bila jina kwa sababu ndugu zangu wengine bado hawajui, na sijui nitawatazama vipi wakijua. Kosa ni langu. Si la kamera, si la fundi, na wala si la yule mama niliyemsingizia.

Nina duka la vitenge na mashuka hapa Dodoma mjini. Nyumbani kwangu ni Ipagala. Mume sina, watoto wako shule za bweni. Baba alipofariki nilimtoa mama kijijini kwetu Chemba nikaja kukaa naye, maana alikuwa ameanza kusahau. Anakuuliza wewe ni mtoto wa nani, unamjibu, chai haijapoa anauliza tena. Kila siku alitaka kurudi Chemba akafungulie mbuzi. Mbuzi wenyewe tulishawauza zamani.

Nikatafuta mtu wa kushinda naye. Nikampata Mama Nyemo, mjane wa Kigogo, mtu mzima kunizidi. Alikuwa anatoka kwake Miyuji asubuhi na mapema, anarudi jioni nikishafunga duka. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na pengine hapo ndipo shetani aliponiingilia. Walikuwa wanakaa barazani wanaongea Kigogo na kucheka. Mimi nimekulia mabwenini, Kigogo changu ni cha kuokoteza. Nikisikia wanacheka, najua nachekwa mimi.

Basi nikaanza kuchunguza. Pakiti ya maziwa naiwekea alama kwa kalamu kabla ya kutoka. Sukari naichora mstari usoni kwa kijiko. Nikirudi nanusa nguo za mama kama zina mkojo. Siku moja mama akaniambia hajala tangu jana, na mimi, jamani, mtu mzima na akili zangu, nikamwamini mgonjwa wa kusahau. Sikumuuliza Mama Nyemo. Nilienda kuita fundi wa kamera.

Akafunga kamera moja barazani, inatazama kiti cha mama. Picha ikawa inakuja dukani kwangu kwa intaneti, kwenye TV moja ya mtumba, zile bapa nene za zamani, nikaitundika ukutani mkabala na kaunta. Kuanzia nafungua duka hadi nafunga, ni picha ile ile tu: nguzo ya baraza, ndoo, kiti cha mikono, na mama ndani yake amejifunga shuka lake jeupe hadi kichwani. Wateja wakiniomba niweke tamthilia, nakataa. Miaka zaidi ya miwili niliishi hivyo. Nilikuwa napima kitenge huku jicho liko ukutani.

Mama alikuwa hatikisiki. Akishakalishwa asubuhi kitini, ndiyo hadi jua lipungue.

Yule fundi aliwahi kupita dukani, akaitazama TV, akaniambia nimeichosha kwa picha moja, kioo kitaungua na picha itagandia humo humo. Akanishauri niwe naizima au nabadilisha. Nikamjibu sawa. Moyoni nikasema huyu anataka kuniuzia nyingine. Au ametumwa na Mama Nyemo, ili nizime wapate kupumua. Ndivyo nilivyokuwa. Hakuna mtu aliyenipa neno la kawaida nikalipokea kama la kawaida.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa kama saa nane mchana, duka lina wateja, kuna harusi ya watu fulani na wanachagua sare. Mama Nyemo akanipigia simu, anahema.

"Mama, bibi simwoni."

Nikainua macho ukutani. Jua la mchana lilikuwa linapiga kioo, lakini kiti nakiona, na shuka jeupe nalo naliona ndani ya kiti. Nikamwambia mama yupo, namtazama.

"Hayupo, mama. Mimi niko huku nje barabarani, nime..."

Nikamkatiza. Nilichosikia mimi ni hilo neno barabarani. Nikasema ndani ya roho yangu, leo nimemkamata! Amemwacha mgonjwa peke yake, ameenda kwenye mambo yake, sasa ananitungia hadithi.

"Mama Nyemo, namwona hapa amekaa kwenye kiti chake. Ambaye simwoni ni wewe. Rudi ndani sasa hivi, la sivyo nisikukute."

Nikakata. Akapiga tena, nikaigeuza simu kifudifudi. Nikawaeleza wale wateja wa harusi jinsi wafanyakazi wa siku hizi walivyo waongo, nao wakakubali, kila mmoja akatoa kisa chake. Tukacheka. Kila nikitupa jicho ukutani, mama yupo. Kuna wakati nilimwona Mama Nyemo anapita haraka haraka kuelekea ndani, kisha akatoka tena. Nikajua anajifanya kutafuta kwa sababu ya kamera.

Ilipofika saa kumi, duka limetulia, nikamwona amerudi barazani. Akasimama mbele ya kiti. Akashika kichwa. Halafu akageuka, akakaa.

Akakaa juu ya mama yangu.

Sijui nieleze vipi mnielewe. Mama Nyemo alikuwa amekaa kwenye kile kiti amejishika uso, na mama naye alikuwa humo humo, lile shuka jeupe linapita kifuani mwa Mama Nyemo kama ukungu. Nikaondoka kaunta, nikasogea hadi ukutani, nikafuta kioo kwa kiganja. Shuka halikufutika. Picha ya mama ilikuwa imeungulia kwenye kioo. Mama mwenyewe alikuwa hayupo.

Nilifika nyumbani sikumbuki kwa bodaboda gani. Tulitafuta mtaa mzima hadi jua likazama. Pale stendi ya bodaboda kijana mmoja akasema bibi mwenye shuka jeupe alifika kwenye saa nane, akakaa kivulini anauliza gari la Chemba. Alikaa karibu saa nzima. Baadaye akainuka akaondoka kwa miguu.

Saa nzima alikuwa amekaa mahali ambapo mtu angemshika tu mkono akamrudisha.

Alfajiri walimkuta wenye mashamba ya zabibu, mbele ya Miyuji, ameanguka kwenye mfereji. Nyonga ilikuwa imevunjika na jua la jana yake lilikuwa limemmaliza. Wiki tatu hospitali, akafariki.

Mngedhani ungamo langu linaishia hapo. Bado.

Kaka yangu alikuja kutoka Chemba siku ile ile mama alipopatikana. Tulikuwa kwenye korido ya hospitali, Mama Nyemo naye yupo, ameshika khanga ya mama mkononi. Kaka akaniuliza ilikuwaje. Mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri. Nikasema Mama Nyemo aliacha geti wazi, mama akatoka, na hakuniambia lolote hadi nilipogundua mwenyewe jioni.

Mama Nyemo akanitazama. Akasema taratibu, "Mama, nilikupigia."

"Hukunipigia."

Kaka akaomba simu yangu. Nilikuwa nimeshazifuta simu za Mama Nyemo za siku ile kwenye orodha, usiniulize nilifuta saa ngapi na kwa nini. Kaka akatazama, hakuona kitu. Simu ya Mama Nyemo hakuna aliyeiomba. Alikuwa nayo hapo hapo mfukoni, na hakuna aliyefikiri kwamba inaweza kusema kitu.

Polisi wakamlaza kituoni siku mbili. Wakamwachia kwa kuwa hakukuwa na kosa la kumwandikia, lakini jina lilishachafuka. Kwenye jumuiya yao ya kanisa akaitwa muuaji wa bibi. Alikuwa na nyumba nyingine mbili alikoitwaga kufua, zote zikamwambia asirudi. Na msibani kwangu watu wananipa pole, nami naipokea.

Baada ya matanga nikarudi dukani. Kamera ya nyumbani nilishaing'oa. Nikawasha TV ili nisikae kimya, ikaja bluu tupu, haina picha yoyote. Lakini ndani ya ile bluu kiti kilikuwepo, nguzo ilikuwepo, na mama alikuwepo amejifunga shuka lake. Mteja akauliza, huyo ni nani? Nikafunga duka.

Ilinichukua miezi minne kwenda Miyuji. Nilimkuta Mama Nyemo uani anachambua mlenda. Nikamwamkia shikamoo. Miaka yote aliyonifanyia kazi sikuwahi kumwamkia, ingawa ni mkubwa kwangu. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda.

Nikamweleza yote, TV, kioo, simu nilizozifuta. Nilitegemea anifukuze. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akaniambia kitu ambacho ningetamani asingeniambia.

Siku ile aliponipigia kutoka barabarani, alikuwa ameshaelekezwa. Muuza maji alimwambia amemwona bibi anakwenda upande wa ile stendi ya bodaboda. Hilo ndilo alilotaka kunieleza nilipomkatiza.

"Sasa kwa nini hukwenda stendi?" nikamuuliza.

"Uliniambia unamwona kwenye kiti. Nikajua amerudi, yule muuza maji amemfananisha. Nikakimbia nyumbani. Nilipokuta kiti kitupu, nikajua ametoka tena sasa hivi tu, nikamtafuta kwa majirani."

Aliniamini mimi! Mimi niliyemwekea alama kwenye maziwa. Nikalia pale mbele yake kama mtoto. Hakunibembeleza, na hakuwa na deni hilo. Aliniambia tu kwamba kama nimekuja kutubu, nikawaambie waliomwita muuaji, kwa sababu yeye ukweli alikuwa nao tangu mwanzo.

Nilianza na kaka. Alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho, akakata. Wiki ile ile alipanda gari kutoka Chemba hadi Miyuji kumwangukia Mama Nyemo. Alipita Dodoma mjini kwenda na kurudi, na dukani kwangu hakukanyaga. Hadi leo hatuongei. Jumuiya yao nayo nimeiandikia barua, nimeweka jina langu kamili, imesomwa mbele ya watu. Wadogo zangu ndio bado. Kwa kuandika hapa najipa ujasiri wa kuwakabili.

Wewe unayemlaza mzazi wako mikononi mwa mtu mwingine, halafu unamwinda huyo mtu kama mwizi, nisikilize. Funga kamera ukitaka, siku hizi kila nyumba inazo. Lakini mtu aliye nyumbani akikupigia anahema, akakwambia hamwoni mzee, usibishane naye kwa sababu ya kioo. Inuka uende.

Kutoka dukani kwangu hadi Ipagala kwa bodaboda ni dakika kumi. Sikwenda.