Nondo Hawaumizi Mtu

Juzi mjukuu wangu alimpulizia dawa nondo aliyeingia sebuleni, akamfagia kabla sijafika kumtazama. Sikumgombeza. Mtoto wa leo atajuaje kwamba mdudu yule alikuwa na jina, na kwamba kulikuwa na nyumba moja Temeke ambako angekaribishwa? Nilibaki na chai yangu, nimekasirika bila wa kumkasirikia, maana hata mimi sina hakika kama majina yote bado ninayo.

Wewe uliyekulia kwenye umeme utanivumilia. Miaka ile ya Azimio mtaa wetu ulikuwa nusu mji, nusu shamba. Nyuma ya nyumba ilikuwa mihogo na mikorosho, mbele vumbi, na nguzo za umeme ziliishia barabara kubwa. Jirani yetu alikaanga mihogo barazani kwake, na ndiye pekee aliyekuwa na karabai. Ikishawashwa baada ya magharibi ilivuma mfululizo, mafuta yakinukia, nasi watoto tukajazana pale kama wadudu wenyewe. Masika yakianza ndipo nondo walipokuja kwa wingi.

Bibi yangu aliyenilea alitoka kusini, na kwake nondo akitua nyumbani ni mgeni yuko njiani. Lakini mgeni gani? Hapo ndipo ilipobidi umtambue mdudu. Wale wadogo weupe, wanaokunja mbawa kama paa la makuti, aliwaita wa hapahapa. Kesho mtu atakuja kuomba chumvi. Wa kijivu wanaolala bapa ukutani ni habari tu. Wembamba wa rangi ya bizari aliwaita wakwe, kwa kuwa huganda mlangoni hawaingii ndani. Na yule mkubwa wa kahawia, mwenye jicho katika kila ubawa, ndiye mgeni wa mbali. Kuwashika ilikuwa marufuku, eti unga wa mbawa ukikuingia machoni unapofuka. Tuliwakagua mikono ikiwa mgongoni.

Wenzangu walikuwa wanacheza. Mimi nilikuwa kazini, namngoja baba. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba alikwenda bara kwenye ujenzi wa daraja. Nilipomuuliza bibi anafanya nini huko, alinijibu huku anakuna nazi kwamba anafunga nondo. Sikuuliza zaidi, jambo lilikuwa wazi. Baba anawakamata nondo, anawafunga kwa uzi, na siku akianza safari atamfungulia mmoja aje kutuambia. Usinicheke. Au cheka tu, nimeshazoea.

Chakula kilikuwa cha shida wakati huo. Tulikula ugali wa unga wa njano mpaka tukauchukia, lakini chini ya kitanda bibi alikuwa na kopo la mchele wa mgeni, na mgeni mwenyewe hakuhitaji kutajwa. Mara nyingi nililisikia kopo likisogezwa na kurudishwa mahali pake. Alikuwa anaangalia kama limeingia fukusi.

Jioni moja akaja. Mkubwa, kahawia, macho yote manne. Aliipita karabai ya jirani akatua juu ya mlango wetu, kwenye mwanga wa chemli. Nikamwita bibi. Alimtazama, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akaenda kulitoa kopo. Alipika wali kwa tui zito, nyumba ikanukia sikukuu, nami nikaketi kizingitini nimeoga na kuchanwa nywele.

Na mgeni alikuja. Nataka uelewe hilo, sikukosea. Alikuwa mwanamume wa bara nisiyemjua, mkononi ana begi la baba. Nilimwamkia shikamoo. Alipewa kiti, hakukaa. Akamweleza bibi kwamba alikuwa akifanya kazi na mwanawe, kwamba ilikuwa asubuhi, walikuwa wanapakua gari.

"Mama," akasema, "nondo zimemwangukia."

Muhula ule mwalimu wetu alikuwa ametukazania upatanisho wa maneno. Kiumbe chenye uhai hakisemwi hivyo. Nikamwonea huruma mgeni, Kiswahili chake cha bara kimemwaibisha mbele ya bibi.

"Wamemwangukia," nikamsahihisha. "Na nondo hawaumizi mtu."

Alinigeukia. "Wamemwangukia, mwanangu," akasema, kisha akateremka akaketi chini, mgongo ukutani.

Bibi hakulia mbele yangu. Alinipakulia wali, nikala nikashiba, nikalala nikimwona baba amefunikwa na mbawa, anacheka kwa kutekenywa.

Kulipokucha uani palikuwa na mikeka, na wanawake wanalia, nami namwambia kila anayeingia kwamba ni nondo tu. Jirani wa mihogo alishindwa kuvumilia. Alinishika mkono mpaka shuleni, ambako wazazi walikuwa wanajenga darasa la kujitegemea, akanisimamisha mbele ya rundo la vyuma virefu vyenye kutu.

"Nondo ni hizi," akasema.

Nilijaribu kunyanyua kimoja. Hakikutikisika.

Kuhusu wageni na wadudu, bibi hakusema lolote tena. Aliacha tu. Tangu wiki ile chemli yetu ilizimwa mapema na mlango ukafungwa giza likianza kuingia. Niliwahi kumwonyesha wa kijivu ukutani, hakuuliza amekaaje. Kopo likawa la kuwekea viberiti. Alikufa baada ya miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akitaja hata wa hapahapa.

Mikorosho ilikatwa, pamejengwa magodauni, na taa zinawaka mpaka asubuhi juu ya kuta zisizo na kitu. Akitokea nondo mmoja kwa bahati, bado nasogea kumtazama namna alivyokunja mbawa. Namtambua, nalitafuta jina lake, mara nyingine nalipata. Kisha nakumbuka kwamba sina ninayemngoja.